Mshindi wa Jumamosi

Maneno yenyewe yalikuwa matatu: kiatu, daraja, mvua. Kocha Gaspar aliyapata kwa mpiganaji aliyepimwa kumbukumbu jana yake. Daktari huyataja mwanzoni, alisema, anakuuliza mambo mengine, halafu anakurudisha kwayo ghafla. Perlita alianza kumfundisha mumewe tangu kwenye kahawa ya asubuhi. Delmar akayarudia vizuri mara mbili, mara tatu. Wakala wali na mboga ya sayote, wakafunga mlango, wakateremka hadi barabarani kungoja jipni, gari la abiria, na pale kituoni Perlita akamuuliza tena.

"Kiatu," alisema Delmar. "Kiatu na... usiniambie."

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya kabichi, na malori ya mboga yalipita kuelekea soko la La Trinidad yakiwarushia maji miguuni.

"Mvua," alisema Delmar. "Hilo la katikati linanikimbia tu. Likirudi nalishika."

"Tusiende, basi."

"Lita, usianze."

"Sianzi. Nasema tukirudi nyumbani sasa hivi hakuna atakayetucheka."

Aliyecheka ni Delmar mwenyewe, kicheko kifupi cha puani. Alikuwa akicheka hivyo tangu Jumanne, simu ilipopigwa. Mtu aliyepangwa kupigana na kijana mmoja wa Manila alivunjika kidole, na Boss Nestor, promota, akawa anatafuta wa kujaza nafasi. Kabla ya simu hiyo Delmar alikuwa amekaa mwezi mzima bila kuongea. Msimamizi wa sokoni alimtoa kwenye kuhesabu kreti za karoti, baada ya kuchanganya malori mara mbili, akamwambia awe anabeba tu, maana kwenye kubeba hakuna la kukosea. Mtu wa miaka thelathini na sita, ambaye wapakizi walimwita Kabali kwa jinsi alivyozijua shingo za watu, akawa anabeba magunia kwa kuonyeshwa kidole: hili pale, lile kule. Kisha Jumanne simu ikalia, na Perlita akamsikia mumewe akicheka jikoni.

"Sikiliza," alisema Delmar. "Hii moja tu. Nikipigwa, naacha. Sirudi tena hata waje kunichukua na gari mlangoni."

"Na ukishinda?"

"Yule kijana ana miaka ishirini na moja, hajashindwa hata mara moja. Wameniita nipigwe, Lita. Hilo nalijua bila kuhesabu." Akamtazama. "Lakini nipigwe mle ndani. Nisipigwe sokoni."

Jipni likaja. Perlita alipanda nyuma yake, na njia nzima hakumuuliza tena yale maneno, akiogopa jibu.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, amekaa kwenye dawati la watoto katika darasa la shule iliyo ubavuni mwa uwanja wa mpira wa kikapu. Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, kwa hiyo alikaa upande upande. Alimmulika Delmar machoni, akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akamwambia aanze mia na kurudi nyuma kwa saba saba.

"Tisini na tatu," alisema Delmar. "Themanini na sita." Jasho likamtoka juu ya mdomo. Alikuwa hajanywa maji tangu jana, ili uzito ushuke, na jasho hilo Perlita hakujua limetoka wapi. "Sabini na... tisa. Sabini na tisa."

"Inatosha. Nilikupa maneno matatu."

"Kiatu," alisema Delmar haraka. "Mvua."

Daktari alingoja, kalamu juu ya karatasi. Kocha Gaspar akakohoa dirishani. Perlita alikuwa amesimama nyuma ya daktari, na kabla hajafikiri chochote aliona mikono yake mwenyewe imeinuka mbele ya tumbo, ncha za vidole zimegusana, imepinda kama upinde.

"Daraja," alisema Delmar.

Daktari aliandika. Kisha akageuka kwenye kile kiti kidogo, na Perlita akaishusha mikono.

"Wewe ndiye mke wake?"

"Ndiyo, daktari."

"Amepigwa akazimia mara tatu ndani ya miaka miwili. Ndiyo maana nakuuliza wewe, simuulizi kocha. Nyumbani anasahau vitu?"

Delmar alitazama sakafu kama mwanafunzi anayesomewa makosa mbele ya mzazi. Perlita alikumbuka jiko la gesi lililoachwa wazi wiki iliyopita, na ile asubuhi alipomkuta mumewe kwenye ngazi za nyumba, ameshika kiatu kimoja, hajui alikuwa anatoka au anaingia.

"Anasahau kama wanaume wote wanavyosahau," alisema.

"Maumivu ya kichwa?"

"Hapana."

"Hasira? Kulia?"

"Hapana, daktari."

Daktari alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akaisogeza karatasi. "Weka sahihi hapo chini. Kwamba uliyoniambia ni kweli."

Perlita aliweka sahihi. Nje, Kocha Gaspar akamshika bega. "Ahsante, ading, mdogo wangu. Umemsaidia."

"Usinishukuru, manong, kaka yangu," alisema Perlita. "Nakuomba kitu kimoja. Kesho ukiona anapigwa vibaya, tupa taulo."

"Nitaona."

"Usione. Tupa."

Alasiri ile walipima uzito katikati ya uwanja, kwenye mizani ya kupimia nguruwe iliyoazimwa kwa bwana mmoja wa machinjioni. Delmar alizidi kwa gramu mia mbili. Akavua fulana, ikabaki mia moja. Boss Nestor akasema avue yote, ndivyo wanavyofanya hata kwenye mashindano makubwa. Kocha Gaspar akashika ncha moja ya taulo na Perlita ncha ya pili, mumewe akiwa uchi nyuma yake anatetemeka kwa baridi na kiu, mbavu zinahesabika.

"Manang, dada, inua kidogo," mtu alipaza sauti kutoka kwenye benchi. "Au teremsha, tuone anachokwenda kutetea."

Wakacheka. Hata kijana wa Manila, Ranzel, alicheka, kisha akainamisha uso kwa aibu. Alikuwa kijana mzuri, ngozi safi, masikio yake bado mazima. Delmar alipovaa nguo Ranzel alimfuata akambusu mkono, kama mtu anavyomwamkia mjomba wake.

"Nilikuwa nakutazama kwenye simu nikiwa shuleni, manong," alisema. "Ile kabali yako."

"Basi ichunge shingo yako," alisema Delmar, na wote wawili wakacheka.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Uwanja ulikuwa na paa la bati lakini hauna kuta, na mvua ya upepo iliwafikia waliokaa pembeni, kwa hiyo watu wote walijibana karibu na kizimba cha mapigano. Kulikuwa na mahindi ya kuchemsha, karanga, bia ndani ya ndoo za barafu. Binti yao Kyla walimpeleka kwa dada yake Perlita tangu Ijumaa, asije akaona. Perlita alikaa mstari wa nne. Aliomba kwa moyo wake wote, na alichokiomba kilikuwa kwamba mumewe ashindwe: abwagwe chini mapema, akabwe, agonge mkeka, ainuke kwa miguu yake mwenyewe. Raundi ya kwanza. Kichwa kisiguswe. Hakuwa amewahi kumwomba Mungu kitu kwa undani hivyo.

Haikuwa hivyo. Ranzel hakutaka kumbwaga mtu. Alitaka kupiga, maana watu walikuwa wanarekodi. Alipiga teke la paja mara mbili, na mkono wa Delmar uliposhuka kulinda paja, ngumi ikapita juu. Perlita aliujua mlio ule. Delmar alirudi nyuma mpaka kwenye wavu, akatabasamu, kinga ya meno ikaonekana nyeusi. Dakika tano zile alipigwa kama anayefundishwa kitu. Kengele ilipolia aliipata kona yake, akakaa, na Kocha Gaspar akampaka mafuta juu ya jicho lililofumba.

Raundi ya pili alianguka. Kiwiko kilimpata juu ya sikio, akashuka taratibu, magoti kwanza, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Ranzel akamrukia. Watu walisimama wote, na Perlita akasimama juu ya kiti ili aione kona. Taulo ilikuwa shingoni mwa Gaspar.

"Tupa!" alipiga kelele. "Manong, tupa!"

Gaspar aligeuza kichwa. Alimwona, Perlita ana hakika alimwona. Akashika taulo kwa mikono miwili, akajifuta uso, akageukia kizimba.

Na Delmar akainuka. Hakuna aliyejua kwa nini, na refa, ambaye tayari alikuwa amenyoosha mkono kusimamisha, aliurudisha. Mwanamke aliyekaa kando ya Perlita akamvuta sketi. "Mume wako ana roho ngumu, manang," alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya furaha. "Kaa, kaa. Ana roho ya ajabu."

Ranzel alikuwa amechoka. Kupiga nako kunachosha, na hewa ya milimani ni nyepesi kwa mtu wa Manila. Raundi ya tatu aliacha kurukaruka. Katikati ya raundi akaona amalize kazi chini, akainama kushika miguu ya Delmar, na kwa nusu sekunde shingo yake ikawa imetokeza nje, kama ya kondoo anayepita chini ya uzio.

Perlita aliiona mikono ya mumewe ikienda. Uso wake haukuwa na habari yoyote. Jicho moja limefumba, la pili linatazama mabango ya juu. Lakini mkono wa kushoto uliingia chini ya kidevu, wa kulia ukaufunga, miguu ikazunguka kiuno, wote wawili wakaanguka, na Delmar akajikunja. Ile kabali. Mikono ilikuwa inakumbuka peke yake. Ranzel alijinyoosha, akapiga teke hewani, akagonga mkeka mara tatu. Refa alilazimika kuifungua mikono ya Delmar kidole kimoja kimoja, maana haikujua kwamba kazi imekwisha.

Uwanja ulilipuka. Perlita alibaki amekaa.

Refa aliuinua mkono wa Delmar. Ulipoachiwa, Delmar alitembea moja kwa moja hadi kwenye kona ya Ranzel, akakaa kwenye kigoda cha Ranzel, akafumbua mdomo atolewe kinga ya meno. Watu wakadhani ni mzaha, wakazidi kushangilia. Boss Nestor alichukua kipaza sauti, akasema hapo hapo mbele ya mashahidi: Desemba, Kabali anagombea mkanda wa ubingwa.

Kwenye lile darasa, daktari alimmulika Delmar machoni tena. Kisha akazima tochi.

"Akitapika, au akishindwa kuamka, mpeleke hospitali hapo hapo," alimwambia Perlita. "Muamshe mara kwa mara usiku." Akafunga mkoba wake. Mlangoni alisimama. "Nilikuuliza," alisema, na akatoka.

Kocha Gaspar alikuwa na mpiganaji mwingine kwenye pambano la mwisho, kwa hiyo alimkumbatia Delmar, akasema atakuja kesho na malipo, akakimbia. Perlita alimvalisha mumewe soksi.

"Vipi?" alisema Delmar.

"Vipi nini?"

"Imekuwaje?"

"Umeshinda. Kwa kabali."

Uso uliovimba wote ukafunguka kama wa mtoto. "Kweli? Nimemkaba?" Akaangalia viganja vyake. "Nimemkaba yule kijana. Lita, unaona?"

Perlita alimfunga kamba za viatu. Kabla hajamaliza kiatu cha pili, Delmar alimwinamia. "Imekuwaje mle ndani?" aliuliza kwa upole, kama anayeuliza kwa mara ya kwanza, na kwake ilikuwa ya kwanza. Perlita akamwambia tena, na furaha ikaja tena, mpya kabisa.

Walipanda jipni la kurudi juu, wamekaa mwisho, kofia ya koti imefunika uso wa Delmar. Mvua ilipiga turubai za pembeni. Alimwegemea bega kwa muda, Perlita akadhani amelala.

"Imekuwaje?" alisema Delmar.

Perlita alitazama mikono ya mumewe mapajani, imevimba, imetulia.

"Ulipigwa," alisema.

Delmar alitikisa kichwa taratibu, akifikiri. "Vibaya?"

"Hapana. Ulipigana vizuri. Alikuwa kijana tu, ana nguvu."

"Raundi ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya tatu si mbaya." Alishusha pumzi ndefu. "Basi imekwisha. Si nilikuahidi? Nimesahau kama nilikuahidi."

"Uliniahidi."

"Basi imekwisha, Lita." Akautafuta mkono wake, akaushika. "Kubeba magunia si kazi mbaya. Nitabeba."

Hakuuliza tena. Kitu hicho kimoja kilikaa. Perlita aliizima simu ya mumewe mfukoni bila kuitoa, akashuka naye kwenye kituo chao, na walipofika nyumbani alimpa uji wa mchele na tangawizi, akaumaliza wote. Alilala ametulia kuliko siku nyingi. Perlita alimwamsha kama daktari alivyosema, na kila alipoamka alisema, "Nipo, nipo," akalala tena. Kwa saa hizo chache Perlita alikuwa na mume aliyekwisha kuacha.

Asubuhi hawakumaliza hata kahawa. Gaspar alikuja na wapakizi wanne kutoka sokoni, kuku hai na chupa mbili za pombe ya mpunga, na wote wakaimba jina lake tangu kwenye ngazi: Kabali, Kabali. Yule msimamizi wa kreti alikuwa miongoni mwao, tena mbele kabisa. Delmar alisimama mlangoni na kikombe mkononi, jicho moja limefumba, anamtazama huyu na huyu, akingoja waseme wanachomcheka.

"Hapa pana pesa ya kupigana na hapa pana ya ushindi," alisema Gaspar, akimwekea bahasha mbili mezani. "Peso elfu kumi na tano zote. Na Boss anataka jibu Jumatatu. Desemba, ndugu yangu. Mkanda."

"Ushindi wa nani?" alisema Delmar.

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha msimamizi akatoa simu yake, akamwonyesha. Delmar aliitazama video ile mpaka mwisho, simu karibu na jicho zima. Akairudisha, akasema ahsante, akacheka walipocheka. Walikaa saa nzima. Walipoondoka Perlita alianza kukusanya vikombe.

"Uliniambia nilipigwa," alisema Delmar.

"Ndiyo."

"Hilo nalikumbuka. Ndani ya gari. Mvua."

"Ndiyo."

Hakupandisha sauti. Perlita angefurahi kama angeipandisha. "Ni siku moja tu nzuri, Lita. Katika miaka yote hii ya kubwagwa. Na mimi sikuwepo. Nimetazama ile simu, namwona mtu anamkaba mtu. Wewe ulikuwepo." Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Wewe ndiye uliyekuwepo, na ukaninyima."

"Nilitaka uache."

"Ningeacha," alisema Delmar. "Kwa uongo wako, ningeacha."

Perlita aliweka vikombe chini. Alitaka kusema kuhusu gesi, kuhusu kigoda cha Ranzel, kuhusu daktari mlangoni. Mumewe alikuwa ameketi kitandani, mikono imelegea katikati ya magoti, na alilia kwa lile jicho lililokuwa wazi, bila kelele, kama alivyokuwa akilia wiki zile kabla ya simu. Ni kilio hicho ambacho Perlita alimwambia daktari kwamba hakipo.

"Nisimulie," alisema Delmar. "Basi angalau nisimulie."

Perlita akakaa kando yake, akasimulia. Alianza kwa kifupi, lakini Delmar aliuliza: watu walikuwa wengi? Alianza kwa teke lipi? Perlita akarudi nyuma, akaeleza mateke ya paja, akaeleza tabasamu lake kwenye wavu, akaeleza alivyoanguka na kuinuka refa akiwa amekwisha kunyoosha mkono. Habari ya kigoda aliiacha. Mgongo wa Delmar ulinyooka kidogo kidogo. Alipofika kwenye shingo ya kijana, mikono ya mumewe iliinuka yenyewe mapajani, ikafungana hewani, na Perlita alijua anachokifanya kwa mdomo wake, na hakunyamaza.

"Walisimama?" aliuliza Delmar.

"Wote."

"Na wewe?"

"Mimi nilisimama juu ya kiti. Nilipokuona chini. Nilipiga kelele."

"Nilikusikia," alisema Delmar. Alikuwa anatabasamu, anatazama ukutani, na kwenye ukuta huo alikuwa ameanza kuona kitu. "Ndiyo maana niliinuka. Nilikusikia wewe."

Jumatatu asubuhi walikwenda kwa Boss Nestor kupeleka jibu la ndiyo. Perlita hakupanga kwenda, ila Delmar alisimama kituoni muda mrefu, magari mawili yakapita, ndipo Perlita akatoka nyumbani na kumfuata, kwa sababu peke yake Delmar asingeijua njia.